UJIRANI, MAAFA NA UHALIFU
Nani Hulinda Mtaa Maji Yanapoingia?

Mto unapofurika usiku na mgambo akapita akiwataka wananchi wahame bondeni, mara nyingi hupatikana mtu anayekataa kuondoka. Si kwamba hajayaona maji. Anayaona. Lakini anaamini kwamba akienda mlimani, asubuhi hatakuta bati, godoro wala cherehani yake. Kwa ajili ya vitu hivyo, ambavyo ni jasho la miaka kumi, anahatarisha maisha yake na ya watoto wake. Wako waliokufa hivyo katika nchi nyingi.

Ni rahisi kumwita mtu huyo mkaidi. Tukimsikiliza vizuri tutaona kwamba analosema ni neno zito la kisiasa. Anasema: simwamini atakayebaki nyuma yangu. Kwa hiyo suala la wizi baada ya maafa si suala la polisi peke yao. Ni suala la uhusiano wa watu wanaoishi pamoja, na kila kada anayefanya kazi na umma hana budi kulielewa.

Katika makala hii tunataka kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini baadhi ya mitaa hubaki salama baada ya maafa na mingine huporwa. Pili, ujirani unaolinda ni wa namna gani na hutoka wapi. Tatu, kwa nini ujirani huohuo, usipoongozwa na misingi sahihi, unaweza wenyewe kugeuka kuwa uhalifu.

NADHARIA MBILI POTOFU

Zipo nadharia mbili ambazo lazima tuziondoe njiani kabla ya kuendelea.

Ya kwanza ni ile isemayo kwamba binadamu kwa asili yake ni mbwa mwitu, na kwamba anayemzuia asimle mwenzake ni askari tu. Askari akizuiliwa na mafuriko, kila mtu huwa mwizi. Nadharia hii inapendwa sana na wenye mali, maana inawapa sababu ya kulinda maduka kwanza na watu baadaye.

Utafiti haukubaliani nayo. Mwaka 1963 wataalamu wa elimu ya jamii walianzisha kituo cha kuchunguza maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Mmoja wao alikuwa Enrico Quarantelli. Kwa miaka mingi walifuata vimbunga, mafuriko na matetemeko, na walichokuta kilikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Katika maafa mengi ya asili uporaji ulikuwa mdogo, na msaada wa majirani kwa majirani ulikuwa mkubwa mno. Waliofukua vifusi kwanza walikuwa watu wa jirani kwa mikono yao, kabla kikosi chochote hakijafika.

Nadharia ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza, nayo ni potofu vilevile. Inasema kwamba maskini ni wema kwa asili, na kwamba pakitokea maafa umoja utakuja wenyewe kama umande. Nadharia hii inampendeza kiongozi mvivu, maana inamwambia kwamba hana la kufanya.

Mwezi Septemba 1989 kimbunga kilichoitwa Hugo kilipiga kisiwa cha Saint Croix, koloni la Marekani katika bahari ya Karibi. Uporaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Serikali ya Marekani ilipeleka wanajeshi zaidi ya 1,000. Siku chache baadaye kimbunga hichohicho kilipiga jimbo la South Carolina, na uporaji wa namna ile haukutokea. Upepo ulikuwa ule ule, lakini matokeo yalikuwa mbalimbali. Quarantelli alipochunguza alieleza kwamba Saint Croix ilikuwa na pengo kubwa mno kati ya wenye nacho na wasio nacho, na kwamba ulinzi wa dola ulikuwa dhaifu hata baadhi ya askari wenyewe walishiriki kupora.

Hapa tunapata msingi wa kwanza: maafa hayaumbi uhalifu. Maafa hufunua uhusiano uliokuwapo kabla yake. Maji yakiondoa rangi ya ukuta, ndipo ufa unapoonekana.

MFANO WA CONCEPCIÓN

Mfano unaotufundisha zaidi unatoka Chile. Tarehe 27 Februari 2010, saa 9 na dakika 34 usiku, tetemeko lenye ukubwa wa 8.8 lilipiga sehemu ya kati ya nchi hiyo, likafuatwa na mawimbi makubwa ya bahari. Watu zaidi ya 500 walifariki. Katika mji wa Concepción umeme, maji na simu vilikatika kwa pamoja.

Siku ileile watu walianza kuingia katika maduka makubwa. Mwanzoni walichukua maji, maziwa, unga na nepi za watoto. Baadaye walichukua televisheni na mashine za kufulia. Hawakuwa makabwela peke yao. Wengine walikuja na magari yao kubeba mizigo. Tarehe 28 Serikali ya Rais Michelle Bachelet ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo, ikapeleka jeshi na kuweka amri ya kutotoka nje, ambayo baadaye ilifikia saa 18 kwa siku. Kwa nchi iliyokuwa imetawaliwa na jeshi kwa miaka karibu 17, kuwaona askari barabarani tena halikuwa jambo dogo.

Wakati huohuo, mitaani, majirani walijikusanya. Waliweka vizuizi vya magogo na fanicha zilizovunjika, wakawasha moto, wakagawana zamu za usiku, wakafunga vitambaa mikononi ili watambuane. Penye vizuizi hivyohivyo palikuwa na sufuria ya pamoja: mwenye mchele alileta mchele, mwenye samaki alileta samaki, na aliyekosa alikula. Chungu hiki cha pamoja ni desturi ya siku nyingi ya wafanyakazi wa Chile. Kilitumika katika migomo, na kilitumika tena katika miaka ya 1980 wakati uchumi ulipoanguka na wengi wakakosa kazi.

Lakini kulikuwa na jambo la kushangaza. Kila mtaa ulikuwa ukijilinda dhidi ya mtaa mwingine. Uvumi ulienea kwamba kundi kubwa la waporaji linakuja kutoka ng'ambo ile. Na huko ng'ambo watu walikuwa wamekesha na marungu wakingojea kundi kutoka upande huu. Katika mitaa mingi kundi lililongojewa halikufika.

Tujiulize: inawezekanaje watu wanaogawana chungu kimoja wawaogope kiasi hicho watu wa barabara ya pili, makabwela wenzao?

Jibu liko katika historia. Mwaka 1968, chini ya Rais Eduardo Frei, Chile ilipitisha sheria iliyoyatambua mabaraza ya majirani, yenye viongozi waliochaguliwa na wakazi. Mabaraza hayo yalishughulikia maji, barabara na nyumba. Chini ya Salvador Allende yalizidi kushamiri. Yalikuwa shule ya kujitawala: mtu wa mtaa huu alikutana na mtu wa mtaa ule, wakabishana, wakapanga pamoja. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 11 Septemba 1973, uchaguzi wa viongozi hao ulipigwa marufuku na nafasi zao zikajazwa na watu walioteuliwa na watawala. Watu wengi wakajifunza kwamba kushiriki ni hatari. Kisha ukaja uchumi wa soko huria uliomwambia kila mmoja kwamba yeye ni mteja: thamani yake ni kadi ya mkopo ya duka, na jirani yake ni mshindani.

Demokrasia ya uchaguzi ilirudi mwaka 1990. Lakini kamba iliyokatwa kati ya mtaa na mtaa haikufungwa upya kwa kiasi cha kutosha. Tetemeko lilipokuja lilikuta ujirani wa ndani ya uzio uko hai, na ujirani wa kuvuka uzio umekufa. Ndiyo maana watu walewale waliweza kupikiana usiku na pia kuogopana usiku huohuo.

UJIRANI UNAOLINDA NI UPI?

Sasa tunaweza kuuliza ujirani unaolinda ni upi hasa. Wengi hudhani kwamba ni kupendana. Si hivyo.

Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake wawili walichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika mji wa Chicago. Waliwahoji wakazi zaidi ya 8,000 katika maeneo 343. Walikuta kwamba kilichopunguza ukatili zaidi kilikuwa vitu viwili vikiwa pamoja: wakazi kuaminiana, na wakazi kuwa tayari kuchukua hatua kwa faida ya wote. Wingi wa marafiki peke yake haukutosha. Walikuta pia kwamba uwezo huo ulikuwa mdogo pale penye umaskini uliorundikana na penye watu wanaohamahama kila mara.

Uwezo huu wa pamoja hufanya kazi kwa njia nne, na kila moja huonekana wazi baada ya maafa.

Kwanza ni kujuana. Palipo na kujuana, mtu anayebeba godoro usiku huulizwa, "Ndugu, hilo la nani?" Pasipo na kujuana, hakuna anayejua kama huyo ni mwizi au ni mwenye mali anayeokoa chake.

Pili ni kugawana. Mwenye njaa akijua kwamba kuna chungu kinachopikwa na kwamba jina lake limo, sababu ya kuvunja duka hupungua. Wizi wa unga na wizi wa televisheni haviko sawa. Anayechanganya mambo hayo mawili hataweza kuzuia hata moja.

Tatu ni habari. Simu zikikatika, uvumi hutawala. Panapokuwa na mtu anayeaminika anayetembea nyumba hadi nyumba na kusema kweli, hata ikiwa kweli hiyo ni kwamba msaada haujafika, uvumi hukosa pa kuota.

Nne ni uso wa mtu. Mwizi huogopa polisi kwa saa chache. Huwaogopa wale atakaoishi nao kwa miaka ishirini. Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Baada ya maafa polisi huwa ndiyo fimbo ya mbali, na jirani ndiye aliye karibu.

Mambo yote manne hayawezi kuundwa siku ya mafuriko. Huundwa katika kuchimba mfereji pamoja, kusimamia kisima, kuzika pamoja, kugombana katika mkutano na kupatana. Ujirani, kama mali nyingine yoyote ya umma, ni matunda ya kazi.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Tungeishia hapa tungekuwa tumesema nusu ya kweli. Nusu nyingine ni chungu.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko liliharibu Tokyo na Yokohama, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Uvumi ukaenea kwamba Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa koloni la Japani, walikuwa wakichoma nyumba na kutia sumu visimani. Badala ya kuuzima uvumi huo, vyombo vya dola vilisaidia kuueneza. Vikundi vya ulinzi vya majirani vilisimama barabarani, vikawataka wapita njia watamke maneno ya Kijapani, na waliokosea wakauawa. Maelfu ya Wakorea waliuawa kwa namna hiyo, pamoja na Wachina na hata baadhi ya Wajapani. Waliofanya hivyo wengi wao hawakuwa majambazi. Walikuwa majirani wema waliokuwa wakilinda mtaa wao.

Mwaka 2005 tuliona jambo la aina hiyo New Orleans, Marekani. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti, na asilimia 80 hivi ya mji ikawa chini ya maji. Tarehe 31 meya aliwaamuru polisi wapatao 1,500 waache kazi ya kuokoa watu na warudi kupambana na waporaji, wakati watu walikuwa bado wamenaswa juu ya mapaa. Habari nyingi za kutisha zilizotangazwa siku zile, hasa kuhusu mauaji katika uwanja wa michezo walikokimbilia wananchi, baadaye zilionekana kuwa za uongo. Tarehe 1 Septemba, polisi wa mji jirani wa Gretna walifunga daraja na kufyatua risasi hewani ili watu waliokuwa wakikimbia kwa miguu wasivuke. Katika mtaa wa Algiers Point, ambao haukufurika, baadhi ya wakazi wazungu walichukua bunduki, wakafunga njia kwa miti iliyoanguka, na watu weusi wakapigwa risasi.

Wakazi hao walijuana, waliaminiana, na walikuwa tayari kuchukua hatua. Kilichokosekana ni jibu sahihi la swali moja: jirani ni nani? Ujirani unaoishia kwenye mpaka wa rangi, kabila au mali huwalinda walio ndani kwa kuwageuza walio nje kuwa adui.

Mji huohuo unatupa pia fundisho la ujenzi. Huko mashariki yake waliishi Wavietnam wengi waliokusanyika kuzunguka kanisa lao. Walirudi mapema kwa pamoja, wakajenga kwa pamoja, na mwaka 2006 wakapambana hadi jalala la taka za kimbunga lililofunguliwa karibu nao likafungwa. Lakini wapangaji wa nyumba za umma, wengi wao maskini weusi, walifungiwa milango, na mwezi Desemba 2007 baraza la mji likaidhinisha kuvunjwa kwa majengo manne makubwa yenye nyumba zipatazo 4,500. Ujirani wao ukatawanywa katika majimbo mbalimbali kwa uamuzi wa mezani. Mwaka huo mji ulirekodi mauaji zaidi ya 200, ilhali wakazi wake walikuwa pungufu sana kuliko kabla ya maji. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa lingine peke yake. Tunasema kwamba anayetawanya watu waliojuana hapaswi kushangaa anapokuta mitaa isiyojuana.

MWIZI MKUBWA

Lazima pia tuulize ni wizi upi tunaouzungumzia. Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko lilibomoa Managua, mji mkuu wa Nicaragua. Anastasio Somoza alijiweka mwenyewe kuwa kiongozi wa kamati ya maafa. Askari wake walipora maduka, na misaada iliyotoka duniani kote iliishia katika mikono ya jamaa na marafiki wa utawala. Wananchi waliona. Mwaka 1979 walimwondoa.

Aliyebeba gunia la unga hukamatwa mchana kweupe. Aliyebeba lori zima la saruji kwa kalamu huitwa mheshimiwa. Hakuna kitu kinachoua uaminifu wa mtaa haraka kama wananchi kuona mahema yakiuzwa na blanketi zikigawiwa kwa kujuana. Kiongozi wa namna hiyo anawafundisha watu wizi kwa vitendo, hata kama kila jioni anahutubia juu ya uadilifu.

WAJIBU WETU

Mambo haya yanatuhusu sisi moja kwa moja. Nchi yetu ina mabonde yanayofurika, na tarehe 3 Desemba 2023 tuliona tope la Mlima Hanang likifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Nchi yetu pia ina urithi ambao mataifa mengi hayana. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Sungusungu ilizaliwa na wanavijiji wenyewe huko Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipokuwa umezidi, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa kuitambua.

Urithi huo una sura zote mbili tulizoeleza. Sungusungu ilirudisha ng'ombe na usingizi vijijini. Lakini mahali pengine ilipiga na kuua watu bila hukumu, na iliwatisha wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Nayo nyumba kumi imebaki hai pale balozi anapojua nani mgonjwa na nani amefiwa. Imekuwa jina tu pale balozi anapoonekana wakati wa uchaguzi peke yake. Tujikosoe bila kuogopa.

Kutokana na hayo tunaona wajibu huu.

Moja: kila mtaa na kitongoji chenye hatari ya maafa kiwe na orodha ya wakazi wote, wapangaji na wageni wakiwamo, kabla ya mvua. Maji hayaulizi kadi ya Chama. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ni ya vyama vingi, na balozi atakayewahesabu wenye kadi peke yao atakuwa amejenga uzio wa Algiers Point kwa mikono yake.

Mbili: zamu za ulinzi zipangwe kwa kuchanganya watu wa mitaa miwili au zaidi, ziwe chini ya serikali ya kijiji au mtaa, na anayekamatwa afikishwe kwenye sheria akiwa mzima.

Tatu: chungu kitangulie rungu. Kamati ianze na chakula na maji, na orodha ya misaada iliyopokelewa na waliopewa ibandikwe hadharani.

Nne: watu wakihamishwa, wahamishwe na majirani zao. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, wakazi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na walikokuwa. Kiwanja hupimwa kwa mita, lakini kazi haiishi hapo. Swali la kada ni hili: nani atakuwa mlango wa pili?

Tano: anayekula msaada ashughulikiwe kwanza, tena kwa uwazi, awe nani.

Tunarudi kwa yule mwananchi wa bondeni. Hatutamhamisha kwa kipaza sauti. Atahama siku atakapoweza kumkabidhi mtu ufunguo wake. Mtu huyo wa kukabidhiwa hapatikani usiku wa mafuriko; anapatikana katika kazi, mikutano na misiba ya miaka yote iliyotangulia. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba yupo, katika kila mtaa, na kwamba mtaa wa pili nao unamjua.